Jinsi ya Kulinganisha Mbinu za Ushawishi katika Maandishi ya Vita: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Chilembwe na Nyerere

Insha nyingi za kulinganisha huanguka mahali pale pale. Mwandishi anaeleza matini ya kwanza kurasa mbili, anaeleza ya pili kurasa mbili, kisha anafunga kwa aya inayosema zote zimetumia takriri, yaani kurudia maneno, na maswali ya balagha ila ujumbe ni tofauti. Hapo hakuna ulinganisho, kuna mihtasari miwili tu. Mada ikiwa vita, mambo huharibika zaidi: katikati ya kazi mwandishi anaacha maneno aliyopewa kuchambua na kuanza kuhubiri kwamba vita ni vibaya.

Mwongozo huu unafanya kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho kwa jozi moja halisi. Matini ya kwanza ni barua ambayo mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliiandikia gazeti la Nyasaland Times Novemba 1914. Ya pili ni hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, aliyoitoa baada ya majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, kuingia Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania.

Nimezichagua kwa sababu zinavutana. Moja inaita watu vitani, nyingine inauliza kwa nini watu wake wafe. Lakini ukizikagua utakuta vifaa vilivyotumika vinakaribiana mno, na hapo ndipo penye kazi. Mbinu ile ile, ikiwa mdomoni mwa mtu mwenye jeshi na ikiwa kalamuni mwa mtu asiye na chochote, haifanyi kazi moja.

## Mahitaji

Andaa hivi kabla ya kuanza:

- Matini zote mbili kamili. Nukuu zinazozunguka mitandaoni hazitoshi.
- Sauti ya hotuba, kama matini yako ni hotuba. Rekodi ya hotuba ya Nyerere inapatikana kwa urahisi.
- Daftari, au karatasi tupu tatu.
- Kalamu za rangi mbili, rangi moja kwa kila matini.
- Orodha fupi ya tarehe za tukio lenyewe. Nusu ukurasa unatosha.
- Kamusi.

Tenga angalau jioni mbili. Jioni ya kwanza ni ya hatua ya 1 hadi ya 4, ya pili ni ya kuandika. Wanaosoma na kuandika kwa mkao mmoja ndio wanaoishia kwenye mihtasari, kwa sababu mkono unaanza kuandika kabla akili haijapata cha kusema.

Onyo kuhusu nukuu. Maneno maarufu ya Nyerere watu huyataja kichwani kwa mpangilio wowote: wapo wanaoanza na nia, wapo wanaoanza na sababu. Mpangilio ni sehemu ya mbinu. Sikiliza mwenyewe, andika ulichosikia, ndipo uchambue.

Onyo la pili. Barua ya Chilembwe iliandikwa kwa Kiingereza. Vifungu utakavyovisoma hapa ni tafsiri yangu. Katika tafsiri unaweza kuchambua hoja, orodha, kejeli, maswali na mpangilio wa mawazo. Usichambue mlio wa sauti wala vina, kwa sababu utakuwa unamchambua mfasiri.

## Hatua ya 1: Soma kila matini peke yake, kalamu ikiwa mezani

Soma ya kwanza yote. Pumzika. Soma ya pili yote. Usipige mstari popote.

Ukimaliza, andika sentensi moja kwa kila matini ukijibu swali hili: nani anatakiwa afanye nini? Ushawishi ni kumsogeza mtu kutoka alipo. Usipojua anasogezwa kwenda wapi, kila mbinu utakayoiona itakuwa pambo tu.

Kwa jozi yetu, sentensi zinaweza kuwa hivi:

- Nyerere anataka Watanzania wakubali vita kuwa ndiyo kazi iliyopo, na anataka marafiki wa nje waache kuzungumzia suluhu.
- Chilembwe anataka serikali ya kikoloni ikiri kwamba Waafrika wanaodaiwa damu nao wana wanachodai.

Utajua umefaulu sentensi yako ikiwa na mtu na kitendo. «Inazungumzia vita vya dunia» haina mtu wala kitendo. Rudia.

## Hatua ya 2: Weka msemaji, msikilizaji na mamlaka mezani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua daraja la insha. Jibu maswali manne kwa kila matini: nani anasema, kwa nani, siku gani ya tukio, na ana uwezo gani wa kulazimisha anachokitaka?

Nyerere: Rais na Amiri Jeshi Mkuu. Anasikika redioni nchi nzima. Siku moja kabla, Amin ametangaza kwamba eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, sasa ni sehemu ya Uganda. Nyerere ana jeshi. Hahitaji ruhusa ya msikilizaji ili aanze vita. Anahitaji moyo wake.

Chilembwe: mchungaji wa Kibaptisti aliyesoma Marekani, mwenye misheni yake Chiradzulu. Anaandika katika gazeti la Kiingereza linalosomwa na maofisa na walowezi. Miezi miwili hivi kabla, Septemba 1914, Wajerumani kutoka Tanzania Bara ya leo wamepigana na Waingereza huko Karonga, na Waafrika wamekufa humo. Askari wanaandikishwa, na wapagazi waliokuja kuitwa tengatenga wanakusanywa. Chilembwe hana kura, hana jeshi, na hata gazeti si lake. Kwenye barua anasema mwenyewe kwamba hawana sauti katika serikali hiyo.

Yaandike majibu haya kwenye karatasi ya kwanza na uiache wazi mbele yako hadi mwisho. Kila utakapokwama mbele, jibu litatoka humu.

Onyo: usirefushe. Mwalimu wako hakukuomba historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia wala ya Vita vya Kagera. Jambo la kihistoria lisiloeleza chaguo la maneno, liache nje hata kama ni tamu.

## Hatua ya 3: Piga mstari, lakini andika kazi ya mbinu

Sasa shika kalamu za rangi. Pita kila matini ukipiga mstari penye kitu kinachokusogeza. Pembeni usiandike jina la mbinu peke yake. Andika vitu vitatu: jina, maneno yenyewe, kazi yake kwa msikilizaji yule.

Anayeandika «takriri» ameona. Anayeandika «takriri ya *kumpiga*, inafanya neno lililokuwa zito jana lizoeleke leo» amechambua. Tofauti ya alama kati ya hao wawili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Vitu vya kutafuta katika maandishi ya vita, kwa uzoefu wangu, ni hivi: nani anaingia ndani ya «sisi», adui anatajwaje, au hatajwi, orodha na marudio, maswali, na kama yanangoja jibu, kejeli, waliokufa wanaonyeshwaje, Mungu, haki na heshima vinaitwa upande wa nani, na wakati, yaani msomaji anaelekezwa jana, leo au kesho. Tashbihi na istiari zimo pia, ila wanafunzi huziwinda hizo tu na kuacha vyote vilivyotangulia.

Usitafute kila kitu kwa nguvu. Kisichokuwemo kiandikie «hakipo». Kutokuwepo kwa mbinu kunaweza kuwa hoja nzuri, kama utakavyoona.

## Hatua ya 4: Chora jedwali, kisha futa nusu

Karatasi ya pili igawe safu tatu. Ya kushoto andika jambo linalolinganishwa, ya kati Nyerere, ya kulia Chilembwe. Ukianza na majina ya waandishi safu ya kushoto, umeshajenga mihtasari miwili bila kujua. Jambo ndilo litangulie.

Jaza. Kisha chukua kalamu ufute kila mstari ambao pande zote mbili zinasema kitu kimoja kwa namna moja, na kila mstari ambao upande mmoja uko mtupu bila sababu ya kueleza. Wengi hugoma hapa, wanaona huruma kwa kazi yao. Futa tu. Yabaki mambo matatu, au manne ukiwa na nafasi.

Utajua umefaulu kila mstari uliobaki ukiwa na «lakini» ndani yake: wote wanatumia hiki, *lakini* mmoja kwa kazi hii na mwingine kwa kazi ile.

## Hatua ya 5: Chambua mambo yaliyobaki kwa kina

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nitaonyesha mambo matatu yaliyobaki kwenye jedwali langu.

### «Sisi» ya kila mmoja

Maneno ya Nyerere yanayokumbukwa ni haya: «Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo.»

Angalia «tunao, tunayo, tunayo». Msemaji na msikilizaji wako ndani ya kitenzi kimoja, hakuna pengo kati yao. Halafu angalia kinachosemwa kipo. Uwezo unaweza kuhesabiwa: askari, silaha, magari. Sababu inaweza kuonyeshwa: ardhi imeingiliwa. Lakini nia? Nia ndicho kitu ambacho hotuba nzima inajaribu kukiumba siku ile, na yeye anakitaja kama kitu ambacho tayari kimo nyumbani kwa kila mtu. Msikilizaji haombwi awe na nia. Anaambiwa anayo. Asiyekuwa nayo anajikuta peke yake nje ya «sisi», na mahali pale hapakaliki.

Kwa kupanga nia mwisho, Nyerere anaipitisha kwa mkumbo wa mambo mawili yaliyokwisha kukubalika. Ukigeuza mpangilio ukaanza na nia, nguvu inapungua. Jaribu kuyasema kwa sauti namna zote mbili.

Chilembwe naye anasema «sisi» toka mwanzo. Barua inaanza kwa kusema, kwa tafsiri yangu, kwamba tunaelewa tumealikwa kumwaga damu yetu isiyo na hatia katika vita hivi vya ulimwengu. Mwisho anatia sahihi kwa niaba ya wananchi wenzake. Lakini wasomaji wa gazeti lile, walio wengi, hawamo ndani ya «sisi» hiyo. Ni mlowezi na ofisa, wamesimama nje wanaitazama. «Sisi» ya Nyerere inafunga mlango msikilizaji akiwa ndani. Ya Chilembwe inamwonyesha msomaji mstari uliochorwa kati yao, tena mstari ambao serikali ya msomaji huyo ndiyo iliyouchora.

### Adui ni nani?

Rudi kwenye «kumpiga». Ile *m* katikati ni mtu mmoja. Nyerere hasemi kuipiga Uganda wala kuwapiga Waganda. Vita vyote vinaelekezwa kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Kwa nini hili lina uzito? Karatasi yako ya kwanza inajibu. Uganda ni jirani, watu wa mpakani wana ndugu pande zote mbili, na Tanzania ilikuwa imewapokea Waganda waliomkimbia Amin, akiwemo Milton Obote, rais aliyepinduliwa naye. Adui akiwa mtu mmoja, Mganda anayemchukia anaweza kusimama upande wa msemaji bila kuisaliti nchi yake. Baadaye ndivyo ilivyokuwa: vikosi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilipigana pamoja na JWTZ, jeshi la Tanzania, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979.

Chilembwe anakwenda njia nyingine kabisa. Ungetarajia barua ya wakati wa vita imlaumu Mjerumani. Hasira ya barua hii haiendi kwa Mjerumani. Inakwenda kwenye orodha: matajiri, wenye mabenki, wenye vyeo, wenye maduka, wakulima, wenye mashamba, hao ndio waende vitani wakapigwe risasi. Mara baada ya hapo anasimamisha upande wa pili: maskini Waafrika wasiomiliki kitu katika dunia hii, ambao wakifa huacha mlolongo mrefu wa wajane na mayatima katika ufukara na dhiki, wanaalikwa kufa kwa ajili ya jambo lisilo lao.

Ipite orodha polepole. Inaanzia mbali, kwa matajiri na wenye mabenki ambao msomaji wa Blantyre, mji wa Nyasaland, anaweza kuwafikiria wako London. Inashuka kwa wenye vyeo. Inafika kwa wenye maduka, wakulima na wenye mashamba. Hao ndio walioshika gazeti mkononi. Msomaji aliyekuwa akiitikia kwa kichwa mwanzoni mwa orodha anajikuta mwisho wake ni yeye. Kwangu mimi hii ndiyo mbinu kali kuliko zote katika barua ile, na insha nyingi zinaipita kwa kusema tu «ametumia orodha».

Basi una ulinganisho: Nyerere anapunguza adui hadi abaki mmoja ili wengi waweze kuingia upande wake. Chilembwe anawapanua wanaohusika hadi msomaji mwenyewe ahusike. Wote wawili wanachagua wa kumnyooshea kidole, ila kidole kinafanya kazi mbili tofauti.

### Tamko na swali

Katika maneno yale matatu ya Nyerere hakuna swali hata moja. Lakini yasome tena kama majibu. Tunaweza? Tunayo haki? Tuko tayari? Maswali yamefichwa, majibu yamebaki. Kila mtu aliyekuwa na wasiwasi siku ile alikuwa na mojawapo ya maswali hayo, na kila mmoja anapata jibu la maneno machache. Kwa hiyo utatu ule si mdundo mzuri tu, ni hoja kamili, na anayeuita «usambamba», yaani sentensi zenye muundo mmoja, akaishia hapo ameacha nyama mezani.

Chilembwe anauliza waziwazi: je, kutakuwa na matumaini yoyote mema kwa wenyeji baada ya vita kwisha? Tutatambuliwa kuwa watu? Wanafunzi wengi huyaita maswali ya balagha na kwenda zao. Subiri kidogo. Swali la balagha halingoji jibu. Haya yanangoja, kwa kuwa yupo mtu mwenye uwezo wa kuyajibu, nayo ni serikali. Asiye na mamlaka ya kuamuru anauliza, tena anauliza hadharani, ili ukimya wa anayeulizwa uonekane na wote. Ni maswali yenye nyuso mbili, na insha ikiweza kusema hivyo na kutoa sababu, msahihishaji ataamka.

Kando ya maswali kuna kejeli. Chilembwe anasema wakati wa amani kila kitu ni cha Wazungu tu, lakini wakati wa vita imeonekana kwamba tunahitajika kushiriki taabu na kumwaga damu yetu *kwa usawa*. Usawa umetokea mahali pamoja tu, kwenye kufa. Hakuongeza maelezo, na hakuhitaji. Kumbuka pia kwamba kabla ya kulaumu anajenga heshima yake: anakumbusha kuwa watu wake wamekwenda mstari wa mbele katika kila pambano na kufanya sehemu yao kama wazalendo. Anamnyima msomaji nafasi ya kumwita mwoga au msaliti. Tena anaushika Ukristo na ustaarabu, maneno ambayo mtawala alikuja nayo, na kuyageuzia kwa mwenyewe.

## Hatua ya 6: Andika dai lenye «kwa sababu»

Sasa ndipo unaandika sentensi kuu ya insha, si kabla. Ukiiandika mwanzo utatafuta ushahidi wa kuilinda badala ya kusoma.

Dai dhaifu: «Nyerere na Chilembwe wametumia mbinu mbalimbali za ushawishi zinazofanana na kutofautiana.» Sentensi hii ni kweli kwa watu wowote wawili duniani, kwa hiyo haina kazi.

Dai lenye nguvu: «Nyerere na Chilembwe wote wanajenga ushawishi wao juu ya ‹sisi›, lakini Nyerere anaitumia kuziba pengo kati ya kiongozi na raia kwa sababu anahitaji moyo wa watu ambao tayari anawaongoza, na Chilembwe anaitumia kulionyesha pengo kati ya mtawala na mtawaliwa kwa sababu kulionyesha ndiyo silaha pekee aliyonayo.»

Ndefu, ndiyo. Unaweza kuikata mbili. Kilicho lazima ni vitu vitatu: mbinu iliyotajwa, tofauti ya kazi, na sababu inayotoka hatua ya 2.

Jipime: weka majina ya waandishi wengine wawili ndani ya dai lako. Kama bado linasimama, halijafika.

## Hatua ya 7: Andika jambo kwa jambo, si mtu kwa mtu

Kila aya ya kiini ichukue mstari mmoja wa jedwali, na wote wawili waonekane ndani yake. Mpangilio unaosaidia: taja jambo, onyesha linavyofanya kazi kwa wa kwanza pamoja na maneno machache ya nukuu, geuka kwa wa pili, kisha eleza tofauti inatoka wapi. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Linganisha aya hizi mbili.

*Aya inayoanguka:* «Nyerere ametumia takriri. Amesema ‹kumpiga› mara tatu. Hii inaleta msisitizo. Chilembwe naye ametumia orodha. Ametaja matajiri, wenye mabenki na wengine. Hii inavutia wasomaji.»

Takriri na orodha havikukutana popote. «Inaleta msisitizo» na «inavutia wasomaji» ni maneno ya kujazia nafasi. Yafute kila uyaonapo.

*Aya inayosimama:* «Wote wawili wanajua kwamba msikilizaji wa wakati wa vita hutafuta wa kulaumu. Nyerere anampa mtu mmoja: neno ‹kumpiga›, likirudiwa mara tatu, linamwacha Amin peke yake na kuwaacha Waganda nje ya shabaha. Chilembwe anafanya kinyume. Orodha yake ya matajiri, wenye vyeo, wenye maduka na wenye mashamba inazidi kusogea hadi inamfikia msomaji wa gazeti mwenyewe. Rais anayekwenda kupigana na nchi jirani anahitaji maadui wachache. Mchungaji asiye na jeshi anahitaji kwamba asiwepo msomaji anayeweza kusema hili halinihusu.»

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini si kwa maneno ya kujazia nafasi. Kilichoongezeka ni sababu.

Maneno ya kugeukia yawe mepesi: naye, kinyume chake, hapo ndipo wanapoachana, kwa upande mwingine. Usirudie «kwa upande mwingine» kila aya.

## Hatua ya 8: Epuka mitego ya mada ya vita

Kupima ushawishi kwa matokeo. «Nyerere alishawishi zaidi kwa sababu Tanzania ilishinda.» Kampala haikuangushwa na takriri. Vivyo hivyo, barua ya Chilembwe ilizuiwa na serikali isisambae, na hilo halisemi kwamba ni dhaifu. Pima kama maneno yanamfaa msikilizaji aliyekusudiwa na jambo lililotakiwa.

Kusoma kwa kurudi nyuma. Tarehe 23 Januari 1915 Chilembwe aliongoza uasi, na tarehe 3 Februari akauawa. Ukijua hayo ni rahisi kuona kila sentensi ya barua kuwa tishio lililofichwa. Barua inaishia kwa tumaini kwamba kwa rehema za Mungu siku moja serikali itatambua kuwa haiwezi kufanya lolote bila watu wa Chilembwe, na haki itatawala. Chambua kilichoandikwa. Uasi unaweza kupata sentensi moja mwishoni, si zaidi.

Kuchukua upande. Una haki ya kumpenda Mwalimu. Mchambuzi lakini haandiki «kwa busara zake za kipekee». Anaandika amefanya nini na maneno. Na ukimhurumia Chilembwe, huruma hiyo haikuzuii kuona kwamba amepanga wajane na mayatima mahali hasa pa kukuhurumisha.

Kusahau chombo. Hotuba husikika mara moja, kwa hiyo inahitaji sentensi fupi zinazoshika. Barua ya gazeti inaweza kusomwa tena, kwa hiyo inavumilia sentensi ndefu zenye kejeli. Tofauti nyingine unazoziona si za watu, ni za chombo. Taja hilo mapema kwenye utangulizi, mstari mmoja tu.

## Hatua ya 9: Kagua kabla ya kukabidhi

Soma insha yako kwa sauti ukiwa na kalamu moja. Zungushia duara kila neno «lakini», «kinyume», «naye» na «wote wawili». Aya ya kiini isiyo na duara ni muhtasari, irudie. Kisha pigia mstari kila «kwa sababu». Aya isiyo na mstari imeona tofauti bila kuieleza.

Mwisho angalia nukuu moja moja dhidi ya matini. Kwa nukuu za tafsiri, andika wazi kuwa ni tafsiri na ya nani.

## Ukitaka jozi ya kufanyia mazoezi

Chukua hotuba ya Martin Luther King dhidi ya vita vya Vietnam, aliyoitoa tarehe 4 Aprili 1967 katika kanisa la Riverside, New York, na tamko la mwanafalsafa Bertrand Russell na mwanasayansi Albert Einstein kuhusu silaha za nyuklia, lililotolewa London tarehe 9 Julai 1955. Anza tena na «sisi». King ana kazi ya kueleza kwa nini mchungaji wa haki za raia anazungumzia vita vya mbali, kwa hiyo anapanga sababu zake moja baada ya nyingine. Waliotia sahihi tamko lile wanasema wanazungumza si kama raia wa taifa hili au lile bali kama binadamu. Hiyo ni «sisi» ya tatu, pana kuliko zote mbili tulizochambua, na swali la kuanzia jedwali lako ni hili: «sisi» isiyo na mtu nje yake inamshawishije mtu ambaye bado ana adui?